Nambari ya Saa na Hukumu ya Haraka

Mwanafunzi wangu mmoja alinijia akiwa na saa ya mkono ya marehemu babu yake. Ilikuwa Omega, uso wake umegeuka rangi ya chai. Kwao husimuliwa kwamba mzee aliinunua mwaka wa 1945, aliporejea kutoka Burma alikopigana katika jeshi la KAR. Kijana alikuwa ameipeleka kwa fundi, kifuniko cha nyuma kikafunguliwa, na nambari iliyochorwa juu ya mashine ikasomeka: tarakimu nane, mbili za kwanza zikiwa 15. "Mwalimu," akaniambia kwa huzuni, "kumbe babu alituhadaa."

Kabla ya kumhukumu marehemu, yafaa tuielewe nambari yenyewe. Kiwanda cha Omega, kule Uswisi, kilizihesabu mashine zake kwa mfululizo tangu mwishoni mwa karne ya 19. Milioni ya 10 ilifikiwa takriban mwaka wa 1944, na milioni ya 20 takriban mwaka wa 1963. Mashine yenye nambari ya milioni 15 na ushei, basi, ni ya kati ya mwaka wa 1956 na 1958 hivi. Hapana shaka haikuwako mwaka wa 1945.

Lakini ni nini ambacho hakikuwako? Ni mashine. Nambari hiyo haitaji umri wa kitu kingine chochote. Mashine huweza kukaa ghalani kabla ya kutiwa katika ganda, na saa nzima ikakaa dukani miaka kadhaa kabla ya kupata mnunuzi. Zaidi ya hayo, fundi aliyekosa kipuri huweza kuing'oa mashine iliyokufa na kutia nyingine, uso nao ukapakwa rangi upya. Ndiyo maana wajuzi huisoma nambari ya mashine pamoja na ile ya ganda, kisha wakatazama kama uso na akrabu vinalingana na enzi hiyo. Katika saa nyingi za Seiko za zamani jambo hili ni wazi zaidi: tarakimu ya kwanza ya nambari iliyo nyuma hutaja mwisho wa mwaka tu. Sita yaweza kuwa 1966 au 1976, na aghalabu aina ya mashine ndiyo inayoamua.

Sisi wa isimu tunaijua kazi hii. Maneno "meza" na "bendera" yametokana na Kireno, na Wareno walifika pwani yetu mwaka wa 1498. Ukiyakuta katika utenzi unaodaiwa kuwa wa kale kuliko hapo, una haki ya kushuku. Lakini unashuku nini? Huenda mnakili wa baadaye aliliondoa neno lililokwisha kusahauliwa akatia la zama zake, kama fundi na kipuri chake. Kadhalika, neno la kale si ithibati ya utungo wa kale, maana mshairi hodari huweza kulichagua kwa makusudi.

Nayasema haya kwa sababu kosa la kijana yule nalikuta kila mwaka katika insha. Mwanafunzi huona mwaka uliopigwa chapa mwanzoni mwa kitabu, akadhani ndio mwaka wa utungo. Diwani ya Muyaka bin Haji ilichapishwa mwaka wa 1940, ilhali mshairi huyo wa Mombasa alifariki mwaka wa 1840. Anayeufuata mwaka wa chapa peke yake amekosea kwa karne nzima, na huku anaapa kwamba ushahidi anao! Walimu nasi tuna lawama, maana tunawafunza vijana kunukuu tarehe bila kuwafunza kuuliza: hii ni tarehe ya nini?

Sikumwambia kijana kwamba babu yake alisema kweli, maana sijui. Huenda mzee aliichanganya saa hii na nyingine. Huenda wasimulizi ndio waliochanganya. Nilimshauri aandike nambari zote mbili, ya mashine na ya ganda, kisha arudi nyumbani amwulize nyanya yake kama saa hiyo iliwahi kukaa kwa fundi. Swali hilo jepesi hakuna aliyekuwa amemwuliza, ilhali hukumu ilikwisha kutolewa.