Muungwana ni Kitendo, si Kadi

Yako maneno mawili katika lugha yetu ambayo tumeyazoea hata hatuyapimi tena, nayo ni ustaarabu na ushenzi. Na mwenye kuyapima ataona kwamba la kwanza limezaliwa na jina la Mwarabu, na la pili watu wa mwambao walilitupia kila aliyetoka bara, yaani sisi, kabla hawajatujua hata kwa majina. Basi hukumu imo ndani ya neno lenyewe kabla ya shahidi kuitwa. Mwaka 1954 Mwingereza William Golding alitoa riwaya yake, Lord of the Flies, ambayo iliitikisa hukumu ya namna hiyo, nami naona kwamba sisi wa Lubumbashi tuna sababu ya kuisoma kuliko wengi.

Kisa chake ni cha wavulana wa shule za Uingereza ambao ndege yao ilianguka, wakajikuta kisiwani pasipo mtu mzima. Walimchagua Ralph kuwa mkuu wao, wakaweka kanuni kwamba mwenye kulishika kome kubwa la baharini ndiye mwenye haki ya kusema, na wengine wote wasikilize. Na mtu wa pwani asomapo hapo atazikumbuka siwa, zile pembe za heshima za Pate na Lamu, ambazo mlio wake ulikuwa sauti ya mamlaka. Mshindani wa Ralph, Jack, alijipaka udongo usoni, akawavuta wenziwe kwa nyama na kuwafunga kwa hofu, mpaka siku ile kome lilipovunjika vipande, na mtoto aliyelishika akaangamia pamoja nalo.

Msomaji mwenye haraka atasema kwamba Ralph ni ustaarabu na Jack ni ushenzi, kisha afunge kitabu. Lakini Jack ndiye aliyekuwa kiongozi wa kwaya, mwenye joho na nidhamu, na Ralph naye, usiku wa dhoruba, alikuwamo katika ngoma iliyomuua mwenzao Simon. Malezi yao yalikuwa mamoja.

Mwaka huohuo wa 1954, huku kwetu Kongo, Patrice Lumumba, karani wa posta mjini Stanleyville, alipewa kadi ambayo kwayo serikali ya Wabelgiji ilimshuhudia Mkongo fulani kuwa amestaarabika. Kadi hiyo haikutolewa bure: wakaguzi waliingia nyumbani mwa mwombaji, wakatazama jiko, vitanda na choo, wakauliza kama mke na watoto hula mezani pamoja na baba, na kama wanajua kutumia uma. Moïse Tshombe, mwana wa tajiri, aliyesomeshwa na wamisionari Wamethodisti, naye alikuwa wa tabaka hilohilo la walioitwa évolués. Waliposhindana mwaka 1960, Lumumba Waziri Mkuu wa Kongo nzima, Tshombe Rais wa Katanga iliyotangaza kujitenga tarehe 11 Julai, hapakuwa na mtu wa porini baina yao.

Tarehe 17 Januari 1961, Lumumba na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito, walishushwa katika uwanja wa ndege wa Luano, hapa Lubumbashi, wakiwa wamefungwa na kupigwa, wakapigwa tena katika nyumba moja kandokando ya mji, na usiku wakapelekwa Shilatembo wakapigwa risasi, Tshombe na baadhi ya mawaziri wake wakitazama, na maofisa wa Kibelgiji wakiwapo. Kisha Gérard Soete, ofisa wa polisi Mbelgiji, akaikatakata miili kwa msumeno na kuiyeyusha kwa tindikali. Serikali iliyokuwa ikihesabu uma mezani, huyu ndiye mtu wake.

Wala sisemi kwamba Lumumba alikuwa malaika. Majeshi aliyoyapeleka Kasai mwezi wa Agosti 1960 yaliwaua raia wengi wa Kiluba, nasi tusiomficha Ralph katika ngoma ile hatuna budi kulisema na hili. Ninalolisema ni kwamba kipimo cha kiongozi hakimo katika suti, wala Kifaransa, wala kabila, wala cheti, bali katika jambo moja: amfanyeje yule anayempinga baada ya kumpata mkononi. Akimwachia kome aseme, huyo ni muungwana hata akiwa hana viatu; akimvunjia, huyo ni mshenzi hata kama wakaguzi walimsifu.

Liko jambo moja katika habari hii ambalo hata Golding hakulibuni. Tarehe 13 Februari 1961, Godefroid Munongo, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Katanga, mtu wa ukoo wa mfalme Msiri, alitangaza kwamba wafungwa walitoroka, wakauawa na wanakijiji, ila jina la kijiji hakulitaja. Jack alijipaka udongo usoni mwake mwenyewe. Wakubwa wetu waliwapaka wengine, wakijua kwamba dunia ikiambiwa kwamba mtu wa kijijini ameua haiombi ushahidi. Jino moja la Lumumba, lililosalia, lilirudi mwaka 2022, likapitishwa Shilatembo kabla ya kuzikwa Kinshasa. Kijiji kile kisichotajwa hakikuwapo, na washenzi wake hawakuwapo. Waliokuwapo walikuwa watu wenye kadi.