Ngozi ya punda imezuiwa, lakini nani atalipia matunzo yake?

FEBRUARI 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa walikubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Wito wa hatua hiyo ulikuwa umetolewa Desemba 2022 katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam. Kwa mashirika ya hisani yanayohudumia wanyama, huo ulikuwa ushindi mkubwa. Kwa mfugaji, hata hivyo, hesabu ndiyo kwanza inaanza.

Ngozi hiyo hutakiwa China, ambako huchemshwa kupata gundi iitwayo ejiao, inayouzwa kama dawa na kirutubisho. Mahitaji yalipozidi idadi ya punda wa China, wanunuzi waligeukia Afrika. Tanzania ilikuwa na machinjio Shinyanga na Dodoma. Kenya iliruhusu machinjio manne, yakiwamo ya Naivasha na Mogotio.

Matokeo yake yalionekana haraka. Utafiti wa taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo ya Kenya, KALRO, uliotolewa mwaka 2019, ulionyesha kuwa punda zaidi ya 300,000 walichinjwa kati ya mwaka 2016 na 2018. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 nchini humo. Ile ya mwaka 2019 haikufikisha milioni 1.2. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 2020, lakini Mahakama Kuu ikaitengua amri hiyo Mei 2021.

Sababu ya kupungua huko haihitaji darasa kubwa la uchumi. Punda hubeba mimba kwa takriban miezi 12 na huzaa mtoto mmoja. Mtoto huyo huhitaji miaka mitatu hivi kabla ya kufanya kazi nzito. Hakuna machinjio yanayoweza kushindana na uzazi wa namna hiyo bila kumaliza mtaji. Bei ilipanda, wezi wakaingia zizini, na wenye mikokoteni wakabaki mikono mitupu.

Thamani ya punda haiko kwenye ngozi. Mama anayechota maji kichwani hubeba dumu moja la lita 20. Punda mmoja hubeba madumu manne kwa safari moja. Safari tatu zinazookolewa ni muda wa palizi, wa biashara ndogo, au wa binti kwenda shule. Mapato hayo hayaandikwi popote, ndiyo maana punda hasikiki katika bajeti nyingi za mifugo. Ng'ombe ana josho na chanjo za kampeni. Punda husubiri wafadhili.

Wafadhili hao wapo. Shirika la Brooke chimbuko lake ni hospitali ya farasi iliyofunguliwa Cairo mwaka 1934. The Donkey Sanctuary, lililoanzishwa Uingereza mwaka 1969, lilifungua kituo Lamu mwaka 1987. Katika mji huo wenye vichochoro visivyopitika kwa gari, mchanga, mawe na saruji husafiri mgongoni mwa punda, na matibabu ya kituo hicho yamewasaidia wenye wanyama wengi.

Hapo ndipo penye mtihani. Huduma ya bure inapokuwa ya kudumu, mtaalamu wa mifugo wa kijijini hupoteza wateja. Akifunga duka lake la dawa, eneo zima hutegemea michango ya watu wa mbali, ambayo hupanda na kushuka kwa sababu zisizomhusu mfugaji. Kwa upande mwingine, kumtoza mwenye punda gharama zote ni kumwambia asitibu kabisa.

Kuna jambo la pili. Mnunuzi wa ngozi akiondoka, bei ya punda hushuka. Hilo ni nafuu kwa anayetaka kununua, lakini punda akiwa rahisi, baadhi ya wenye nao wataona bora kununua mwingine kuliko kumtibu aliyenaye. Marufuku pekee inaweza kumwokoa punda na kisu, ikamwacha na kidonda cha matandiko.

Njia ya kati ipo. Dharura, pamoja na chanjo dhidi ya pepopunda na kichaa cha mbwa, zigharimiwe na serikali na wafadhili, kwa kuwa kichaa cha mbwa humfikia hata asiye na mnyama. Dawa za minyoo, kukata kwato na matandiko bora yalipiwe na wenye punda wenyewe, kwa viwango vidogo, kupitia vikundi vyao vya kuweka na kukopa. Fedha za hisani zielekezwe zaidi kuwafundisha mafundi wa matandiko na wataalamu wa vijijini, ambao watabaki hata mradi ukiisha.

Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Kwa miaka kadhaa sasa, mateke yametoka kwa binadamu. Miaka 15 ni muda wa kutosha kurekebisha hilo, iwapo halmashauri zitaanza kwa kumpa punda fungu lake katika bajeti ya mifugo.