Simu iko shambani, agronomu yuko wapi?

Mwezi wa kwanza wa mwaka 2025 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikutana Kampala na kupitisha mpango wa kilimo wa miaka kumi, kuanzia 2026 hadi 2035. Waliahidi kwamba mazao ya chakula yataongezeka kwa asilimia 45, na kwamba dola bilioni 100 zitatafutwa kwa kazi hiyo. Katikati ya 2024 Umoja huohuo ulikuwa umekwisha kupitisha mkakati wa akili bandia, na humo kilimo kimewekwa kati ya kazi za kwanza. Tangu hapo tunasikia kila upande habari za simu zinazotambua magonjwa ya mimea, za droni na za satelaiti zinazopima shamba kutoka angani.

Sisi tunaoishi na walimaji wa Kongo tunayapokea haya kwa furaha, lakini tunayo kumbukumbu pia. Mwaka 2003, kule Maputo, wakuu hao waliahidi kutoa angalau asilimia 10 ya bajeti ya kila nchi kwa kilimo. Mwaka 2014, kule Malabo, walirudia ahadi ileile. Nchi zilizoitimiza ni chache, na tathmini ya mwisho kabla ya mkutano wa Kampala ilionyesha kwamba hakuna hata nchi moja iliyokuwa njiani kufikia malengo yote ya Malabo. Basi mtu akituletea chombo kipya, tunataka kujua kwanza kimesimama juu ya nini.

Tuangalie Ethiopia. Mwaka 2014 nchi hiyo ilifungua namba ya simu, 8028, ambayo mkulima anapiga bila kulipa na kusikia mashauri ya kilimo kwa lugha yake: Kiamhari, Kioromo, Kitigrinya. Haihitaji simu kubwa wala intaneti. Mamilioni ya watu wameipiga. Wengi huisifu namba yenyewe, na kweli ni kazi nzuri. Lakini nyuma yake kuna jambo lisilosifiwa sana: kwa miaka mingi Ethiopia ilikuwa imefundisha na kutuma vijijini makumi ya maelfu ya maafisa wa kilimo, nayo ni moja ya zile nchi chache zilizowahi kuifikia asilimia 10. Mkulima akisikia shauri kwenye simu na asilielewe, yuko mtu wa kumuuliza.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 2019 watafiti walitoa programu ya simu ya kutambua magonjwa ya migomba, wakaiita Tumaini, jina la Kiswahili. Ilijaribiwa katika nchi kadhaa, na Kongo ni moja kati yake. Kuna nyingine, Nuru, inayosema Kiswahili na kufanya kazi bila intaneti: unaelekeza kamera kwenye jani la muhogo, inakuambia kama ni mozaiki, ugonjwa ambao jirani zetu wa Tanzania wanauita batobato. Ni vyombo vya kweli, hatuvidharau.

Lakini mnyauko wa migomba, ulioonekana Masisi mwaka 2001 na kula mashamba mengi ya Kivu, haukuzuiliwa na picha. Mama wa Kivu anaujua ugonjwa huo kwa macho, majani yakishageuka manjano na ndizi zikiiva kabla ya wakati. Kinachouzuia ni kazi ya mikono: kukata shina moja moja lililougua, kupitisha panga kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine, kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga. Na kazi hiyo inafaa pale jirani zote wanapoifanya pamoja. Mmoja akikataa, wadudu wanaotembelea maua wataurudisha ugonjwa kwa wote. Watu walijifunza hayo kwa kukusanyika shambani na mtu anayewaonyesha, akirudi tena juma lijalo.

Mtu huyo kwetu anaitwa agronomu wa sekta. Tunamjua: mara nyingi hana pikipiki, anangoja mshahara, na sehemu anayopaswa kuzungukia haimalizwi kwa miguu. Sheria ya kilimo ya tarehe 24 mwezi wa 12 mwaka 2011 ilisema kutakuwa na mfuko wa taifa wa kuendeleza kilimo. Nchi inayotajwa kuwa na hekta milioni 80 zinazofaa kulimwa, na inayolima kama sehemu moja kwa kumi tu, haiwezi kuweka simu mahali pa agronomu. Isitoshe, watu wapatao wanne kwa watano hawana umeme nyumbani. Hiyo simu itachajiwa wapi?

Kuna jambo lingine linalotutia wasiwasi zaidi, tena linasemwa kidogo sana. Miradi hii huanza kwa kuandikisha wakulima: jina, namba ya simu, mipaka ya shamba kwa satelaiti, mavuno. Tangu sheria ya mwaka 1973 udongo wa Kongo ni mali ya Serikali, na walimaji wengi wanashika mashamba yao kwa desturi tu, bila karatasi. Katika Ituri na Kivu watu wameuana kwa ajili ya mipaka. Ramani inayoonyesha nani analima wapi na udongo gani unazaa vizuri inaweza kumlinda mlimaji. Ikishikwa na mwenye fedha au mwenye bunduki, inaweza kumwondoa. Mkataba wa Afrika wa kulinda habari za watu ulianza kutumika mwezi wa 6 mwaka 2023, na Kongo ina sheria yake ya numeriki tangu mwezi wa 3 mwaka huohuo. Sheria hizo hazijafika vijijini.

Makanisa yetu huwa mlango wa kwanza wa miradi kama hii, kwa sababu wageni wanajua kwamba watu wanatuamini. Kwa hiyo, wachungaji na mama wa vikundi vya kilimo, kabla ya kutoa orodha ya walimaji, tuombe kuona kwa maandishi: habari hizo zitawekwa wapi, nani ana ruhusa ya kuziuza, mlimaji atafutaje jina lake akitaka, na nani atakuja shambani mradi ukimalizika. Asiyeweza kujibu, daftari la parokia libaki kabatini.