Kabla ya kumwita mwanafunzi wa chuo mvivu

Matokeo ya muhula yakishatoka, kliniki hupata wageni wa aina moja: mzazi mwenye hasira na kijana anayetazama sakafu. Kidato cha sita alifaulu vizuri, mwaka wa kwanza akaponea kwenye mitihani ya marudio, mwaka wa pili akaondolewa chuo, au kama wenyewe wanavyosema, amedisko. Mzazi anataka apimwe dawa za kulevya. Mara nyingi hatukuti kitu.

Baadhi ya vijana hawa, si wote, wana hali waliyokuwa nayo tangu utotoni bila mtu kuitambua: usonji, ugumu wa kusoma uitwao disleksia, au tatizo la umakini linalojulikana kwa kifupi kama ADHD. Akili wanazo. Ubongo wao hupokea na kupanga mambo tofauti na wengi wetu.

Sasa mbona sekondari alifaulu? Kwa wengi jibu ni bweni. Kengele ilimwamsha, kengele ikampeleka prepo, mwalimu wa zamu akahakikisha daftari limefunguliwa. Chuoni vyote hivyo vinaondoka siku moja. Anabaki na chumba cha kupanga mtaani, bumu la kulipangia matumizi mwenyewe, na kazi ya kukusanywa baada ya wiki sita. Kwa mwenye ADHD, wiki sita ni kama hakuna tarehe kabisa. Ataanza usiku wa mwisho, na si kwa dharau. Mwenye usonji anaweza kulielewa somo kuliko darasa zima, akakwamishwa na kazi za makundi, kelele za ukumbi uliojaa, au mtihani uliohamishiwa chumba kingine asubuhi ileile.

Kutambua ADHD hakuhitaji picha ya ubongo. Tunauliza sana kuhusu utoto, kwa kuwa dalili zake huwa zimeanza kabla ya miaka 12. Ripoti ya shule ya msingi yenye maneno "ana uwezo ila hatulii" hunisaidia kuliko kipimo cha damu. Aliyeanza kusahausahau mwaka huu namtafutia sababu nyingine: sonona, kukosa usingizi, tezi ya shingo, hata njaa, maana bumu likichelewa watu hulala bila kula. Na tafadhali, usimeze kidonge cha rafiki yako kwa sababu ya video ya dakika moja uliyoiona mtandaoni.

Dawa za ADHD zipo na husaidia wengi. Disleksia na usonji havina kidonge. Na hata anayetumia dawa anarudi kwenye chuo kilekile.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 24 inataja elimu ya juu waziwazi. Mwaka 2010 tukatunga sheria yetu wenyewe. Mtahiniwa asiyeona huongezewa muda na Baraza la Mitihani, wala hakuna anayelalamika. Mwenye tatizo lisiloonekana huambiwa ajitahidi.

Ninachoomba vyuoni si majengo mapya. Maelekezo ya kazi yaandikwe, yasitajwe kwa mdomo watu wakiwa wanatoka mlangoni. Kazi ya wiki sita igawanywe, rasimu ionekane wiki ya pili. Wanafunzi waruhusiwe kurekodi mihadhara. Haya hayahitaji cheti cha daktari, na ni vizuri, kwa sababu madaktari wa afya ya akili ni wachache na wengi wako mijini. Cheti kibaki kwa muda wa ziada na chumba kimya cha mtihani.

Wahadhiri wengine wataita huu upendeleo. Nakubaliana nao mahali pamoja: daktari mwanafunzi anayezuia damu isimwagike lazima awe na kasi, hapo muda ni sehemu ya ujuzi. Lakini insha ya historia inapima kasi ya mkono kwa faida ya nani?

Kijana akidisko, deni la Bodi ya Mikopo halidisko naye. Basi kabla barua ya kumwondoa haijasainiwa, mshauri wa wanafunzi akae naye walau saa moja, na akiona dalili amwandikie rufaa ya kupimwa, nafasi yake ikishikiliwa kwa muhula mmoja.