Timu Yetu, Mali Yake

Kivumishi cha kumiliki -etu kina kazi pana kuliko jina lililopewa na wanasarufi. Mtu asemaye "shamba letu" huenda ana hati ya kuthibitisha usemi wake. Asemaye "mume wangu" hana hati ya kumpeleka mume huyo mnadani, na wanafunzi wasemao "mwalimu wetu" hawadai kwamba wamemnunua. Kiambishi kimoja kinabeba mambo mawili: kumiliki kitu, na kuwa na uhusiano nacho usioweza kutiwa bei. Shabiki wa kandanda anaposema "timu yetu" huyasema yote mawili kwa pumzi moja. Siku timu inapouzwa, inapohamishwa au inapofutwa ndipo anapogundua kwamba sheria inalitambua moja tu kati ya hayo mawili, nalo si lile alilo nalo yeye.

Mashabiki wa Kericho waligundua hivyo mwaka 2021. Nchi hiyo ya chai, kutoka Londiani hadi Sotik na Bomet, imejulikana ulimwenguni kwa miguu ya wakimbiaji wake. Wilson Kiprugut, mwana wa Kericho, ndiye Mkenya wa kwanza kupata nishani ya Olimpiki, mjini Tokyo mwaka 1964. Lakini mkimbiaji hukimbia peke yake. Akishinda, kijiji kizima husherehekea, na akishindwa, hapana wa kulaumiwa ila mapafu yake. Timu ya kandanda ni jambo jingine. Klabu ya Zoo ilipoingia Ligi Kuu ya Kenya msimu wa 2017, Kericho ilipata kitu ambacho mbio hazikuwa zimeipa: miadi ya mara kwa mara. Mji ulikuwa katika ligi moja na Gor Mahia na AFC Leopards. Wachuma chai, wahudumu wa bodaboda, walimu na wauza mahindi walikuwa na sababu moja ya kukutana katika Uwanja wa Kericho Green. Jina lenyewe, la Kiingereza na la bustani ya wanyama, halikuwa na udugu wowote na chai wala na Wakipsigis, lakini halikuwazuia watu kulipenda. Jina huzoeleka kwa kuitwa.

Kisha mwaka 2021, kabla msimu wa 2020/2021 haujaisha, Kamati ya Nidhamu ya FIFA iliitoa Zoo katika Ligi Kuu na kuishusha daraja kwa kosa la kupanga matokeo ya mechi. Hapana haja ya kulitetea kosa hilo. Kupanga matokeo ni wizi, na anayeibiwa kwanza ni yule aliyelipa kiingilio akidhani anatazama mashindano, kumbe anatazama maigizo. Basi shabiki ndiye aliyetapeliwa, na shabiki huyo huyo ndiye aliyepokonywa timu. Hakuwa shahidi katika kesi, hakuwa mlalamikaji, wala hakuwa mshtakiwa. Hukumu ilimpita juu kama ndege. Kwa macho ya Zurich klabu ni jina lililosajiliwa pamoja na watu waliotia sahihi. Katika mambo kama haya watu hupenda kutaja methali ya samaki mmoja akioza. Methali hiyo haitoshi hapa, kwani inawahesabu samaki peke yao na kumsahau aliyelipia tenga zima.

Mwaka uleule wa 2021 ulikuwa na tukio jingine, na mashabiki wengi wa Kericho na Bomet wanalikumbuka vizuri zaidi kuliko lile la kwao. Mwezi Aprili klabu 12 za Ulaya zilitangaza ligi ya peke yao, nayo mipango hiyo ikasambaratika katika muda wa siku chache kwa ghadhabu ya mashabiki. Tarehe 2 Mei mashabiki wa Manchester United waliingia kwa nguvu uwanjani Old Trafford, na mechi dhidi ya Liverpool ikaahirishwa. Hasira yao ilikuwa ya miaka mingi, dhidi ya familia ya Glazer iliyoinunua klabu hiyo mwaka 2005 kwa fedha nyingi za mkopo, kisha deni likatwikwa klabu yenyewe. Kijana wa Litein au wa Silibwet aliyevaa jezi nyekundu anaweza kulieleza deni hilo kwa ufasaha wa mhasibu. Ukimwuliza Zoo ilikuwa ya nani, ilipata wapi fedha na wachezaji walilipwa nini, atanyamaza. Asilaumiwe. Hisa za Manchester United zinauzwa New York tangu mwaka 2012, kwa hiyo sheria inailazimisha klabu kuanika hesabu zake hadharani. Mkenya anazisoma hesabu za klabu iliyo maili maelfu kutoka kwake, ilhali za klabu iliyo mwendo wa matatu moja zimo katika sanduku la mtu.

Lugha nayo imelifuata jambo hili hatua kwa hatua, na wanafunzi wa Kiswahili wangefanya vyema kulichunguza. Zamani tajiri aliyeisaidia timu aliitwa mfadhili. Neno hilo linatokana na fadhila, na fadhila haina risiti: atoaye hutoa, apokeaye hushukuru, timu hubaki ya wenyewe. Kisha likaja neno mwekezaji. Huyu hatoi, anaweka, na anayeweka hutazamia kurudi kuchukua. Siku hizi watangazaji husema mmiliki, neno lililo katika ukoo mmoja na milki na malkia, nalo halihitaji ufafanuzi. Tanzania iliivuka mito hii mitatu mbele ya macho ya watu. Mwaka 2017 wanachama wa Simba walikubali mabadiliko ya mfumo wa klabu yao, na Mohammed Dewji akajitokeza kwa shilingi bilioni 20 za Tanzania kutwaa asilimia 49 ya hisa, huku kanuni za serikali zikiwaachia wanachama asilimia 51. Mtu anaweza kuubishia mpango ule kwa mengi, na Wanasimba hawajachoka kuubishia. Lakini angalau walibishana kabla ya kuamua, wakiwa na kadi mikononi. Kericho haikuwa na kadi wala mkutano.

Huko Marekani, ambako timu ni mali ya mtu kama vile hoteli ni mali ya mtu, mambo yamefika mbali zaidi. Timu ya besiboli ya Athletics ilikuwa Oakland tangu mwaka 1968. Mmiliki wake, John Fisher, alipotaka kuihamishia Las Vegas, mashabiki walikuwa tayari wamechoka kuona wachezaji bora wakiuzwa na uwanja ukichakaa. Watu walikuwa wameacha kwenda uwanjani, na uhaba huo wa watu ukatumiwa kama ushahidi kwamba mji hauitaki timu. Basi tarehe 13 Juni 2023 mashabiki walifanya kinyume cha mgomo: wakaujaza uwanja, karibu watu 28,000, wakiwa na fulana za kumtaka mwenye timu aiuze. Ni maandamano ya ajabu hayo, ya kumlipa mtu kiingilio ili umwambie humtaki. Hayakufua dafu. Mwezi Septemba 2024 timu ilicheza mechi yake ya mwisho Oakland. Miaka 56 ya "yetu" ilishindwa na sahihi moja.

Msomaji atauliza Kericho inahusikaje na besiboli. Inahusika kwa sababu wenyeji wa nchi ya chai wanaijua hali hiyo vizuri kuliko wanavyojulikana kuijua. Mashamba makubwa yanayouzunguka mji wa Kericho yamebadilisha wenyewe mara nyingi. Yale ya Brooke Bond yalikwenda Unilever mwaka 1984. Mwaka 2022 Unilever ikaiuza biashara yake ya chai kwa kampuni ya uwekezaji ya CVC. Mwaka 2023 mashamba ya James Finlay yakachukuliwa na Browns Investments ya Sri Lanka, na mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba kampuni hiyo hiyo ingeyanunua na yale ya Lipton, yaliyokuwa ya Unilever. Mchuma chai huzisikia habari hizi redioni, kikapu kikiwa mgongoni. Na chini ya biashara zote hizo liko dai la zamani zaidi la Wakipsigis na Watalai, lililofikishwa mwaka 2022 katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, kwamba ardhi yenyewe ilitwaliwa kwa nguvu wakati wa ukoloni. Katika nchi hiyo "yetu" si neno la kutamkwa ovyo.

Hata hivyo, chai inafundisha jambo la pili ambalo watetezi wa mashabiki hawapendi kulisikia. Mkulima mdogo wa Kapkatet, Momul, Tirgaga au Kapkoros ni mwanahisa wa kiwanda chake. KTDA, iliyoanzishwa kama mamlaka ya serikali mwaka 1964, iligeuzwa mwaka 2000 kuwa kampuni ya wakulima wenyewe kupitia viwanda vyao. Kwa karatasi, basi, mkulima ni mmiliki wa kila kitu: mashine, magari na jengo. Lakini kwa miaka mingi bonasi inapotangazwa, wakulima wa Kericho na Bomet hulinganisha yao na ya wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa, huona pengo kubwa, na huuliza fedha zimekwenda wapi. Mwaka 2025 swali hilo liliwapeleka barabarani. Mmiliki anayeandamana ili aelezwe kuhusu mali yake mwenyewe hana tofauti kubwa na shabiki wa Oakland. Hisa bila hesabu zinazosomeka ni karatasi tu. Vivyo hivyo Gor Mahia na AFC Leopards ni klabu za wanachama, zina chaguzi na katiba, na malalamiko ya mishahara isiyolipwa hayajazipita kando.

Kwa hiyo dai la kwamba mashabiki wauziwe timu zao si jibu kamili. Lina uzito mahali penye fedha: nchini Ujerumani kanuni inawataka wanachama wawe na wingi wa kura katika klabu, na huko Uingereza mashabiki wa Wimbledon walipoona timu yao imeruhusiwa kuhamia Milton Keynes mwaka 2002, waliunda AFC Wimbledon wakaanzia madaraja ya chini kabisa. Lakini Kenya si Ujerumani. Mwenye timu nchini Kenya aghalabu hali faida, anakula hasara. Basi, mafuta, chakula, malazi ya wachezaji, ada za usajili: kiingilio cha Kericho hakiwezi kulipa hayo. SportPesa ilipojiondoa katika ufadhili wa ligi mwaka 2019, klabu zilibaki zikihema. Mwaka huohuo SoNy Sugar iliondolewa ligini kwa kushindwa kufika mechi tatu. Nakumatt ilibadilishwa jina ikawa Mount Kenya United, kisha ikateremka na kuzama. Mtu atoaye fedha zake mfukoni katika hali kama hiyo ana haki ya kuuliza: hao wanaopiga kelele wamechanga nini?

Swali ni la haki, na lina jibu. Mashabiki wamechanga jina. Bila wao Zoo ingekuwa vijana 11 wanaokimbia mbele ya viti vitupu, na hapana mdhamini ambaye angetoa hata senti moja kwa viti. Mwenye timu anapokwenda kuomba udhamini, anachokiuza ni Kericho. Anapoomba uwanja wa umma, anauomba kwa jina la watu. Yeye mwenyewe, katika hotuba zake, husema "timu yetu", na hakuna amsahihishaye. Akilitumia -etu wakati wa kuomba, hawezi kulifuta wakati wa kuuza au wakati wa kujibu maswali.

Kinachodaiwa basi ni kidogo kuliko hisa na kikubwa kuliko makofi: haki ya kuelezwa. Shirikisho la Soka la Kenya lina uwezo wa kuliweka sharti hilo katika leseni za klabu. Klabu isipewe leseni mpaka imetangaza katika mji wake ni ya nani, imeingiza nini, imelipa mishahara ya miezi mingapi na inadaiwa nini; na katika bodi yake awemo mtu mmoja aliyechaguliwa na mashabiki waliosajiliwa, mwenye ruhusa ya kuviona vitabu. Mtu huyo hatazuia kila ufisadi. Lakini wapangaji matokeo humwendea mchezaji ambaye hajalipwa, na mchezaji ambaye hajalipwa hujulikana mapema na wale wanaonunua chai naye kibandani. Mashabiki husikia minong'ono miezi mingi kabla ya wapelelezi. Kilichokosekana ni mlango wa kubisha.

Mkulima wa Bomet hupimiwa majani yake mbele ya macho yake katika kituo cha kununulia, na huondoka na risiti yenye kilo zilizoandikwa. Ugomvi wake na kiwanda huanza baada ya hapo, lakini risiti anayo. Shabiki wa Kericho hajawahi kupewa hata hiyo.