Wauzaji wa «i7» isiyoingia wamrudishie mkimbizi dola zake

Katika mitaa ya Goma na Bukavu, vijana wengi wanaishi kwa sekretaria: kompyuta moja ya zamani, imprimante moja, meza kando ya barabara. Hapo ndipo familia zilizokimbia vita zinaandikisha barua na kutoa kopi za karti. Mashine ikilegea, nyumbani hakuna kinachopikwa.

Kijana akipeleka mashine hiyo dukani, kuna wauzaji wenye jibu moja tu: «Weka i7.» Hata hawaifungui. Wanapokea dola, mara nyingi za likelemba, na kumuaga.

Neno i7 peke yake halisemi kitu. Prosesa inakaa kwenye soketi yake, na soketi zinatofautiana. Kompyuta nyingi za mezani za mwaka 2011 na 2012 zenye Intel zina soketi 1155. Core i7-4770 ya mwaka 2013 inataka 1150. Haiingii. Anayeilazimisha anakunja pini za ndani, na ubao mzima unakufa. Mnunuzi hajui hayo. Muuzaji anapaswa kuyajua, na kama hayajui, basi auze sabuni.

Kwenye soketi 1155, i5-3470 inatosha kabisa kwa kazi ya sekretaria: ina kori 4, na kiwango chake ni wati 77, wakati i7-2600 iko kwa 95. Kwa mtu wa jenereta, wati ni mafuta. Lakini hata hiyo 3470 ni ya kizazi cha tatu: ubao wa kizazi cha pili unaweza kudai BIOS mpya kwanza, na mwingine unaikataa moja kwa moja. Ni nani anayemwambia mteja hayo kabla ya kulipa?

Tena mara nyingi prosesa haina kosa lolote. RAM ni giga 2, diski ni ile ya kuzunguka, imechoka. SSD ndogo na RAM kidogo vingerudisha mashine kazini, lakini faida yake kwa muuzaji ni ndogo.

Muuzaji afungue mashine mbele ya mwenyewe, asome soketi na jina la ubao, aweke prosesa, awashe, ndipo apokee pesa. Na yale maandishi ya ukutani, «kitu kikiuzwa hakirudishwi», yabanduliwe.