Kocha aliyekataa kumharakisha mwanawe

Huenda jina la Bryan Shelton halikujii upesi kama majina ya wale wacheza tenisi waliojaza kurasa za michezo miaka ya tisini. Alizaliwa Huntsville, Alabama, mwaka wa 1965. Alitwaa taji la Newport mara mbili mfululizo, 1991 na 1992, na ule ushindi wa kwanza ulimfanya mwanamume wa kwanza Mmarekani mweusi kushinda taji la mchezaji mmoja mmoja katika tenisi ya kulipwa tangu Arthur Ashe mwaka wa 1978. Mwaka wa 1994 alilazimika kupitia mechi za kufuzu ili aingie Wimbledon; akamtimua Michael Stich, bingwa wa 1991, katika raundi ya kwanza, na akafika raundi ya nne.

Alipostaafu mwaka wa 1997 hakuenda mbali na uwanja. Kuanzia 1999 alifundisha wasichana wa chuo cha Georgia Tech, wakawa mabingwa wa vyuo vyote vya Marekani mwaka wa 2007. Mwaka wa 2012 alihamia Chuo Kikuu cha Florida kuwanoa wavulana, nao wakatwaa ubingwa huo mwaka wa 2021. Hakuna kocha aliyewahi kushinda kwa wanawake na kwa wanaume kabla yake.

Mimi si mwandishi wa michezo. Ninamleta kwenye ukurasa wa afya kwa sababu ya jambo alilolifanya nyumbani kwake, jambo ambalo wazazi wengi wa Nairobi, Mombasa na Nakuru hawalitaki hata kulisikia. Hakuwa na haraka.

Mwanawe, Ben, alipokuwa mdogo alipenda zaidi kabumbu la Kimarekani, lile la kubeba mpira kwa mikono. Baba yake, aliyekuwa na kila ujuzi wa kumtengeneza bingwa wa tenisi wa miaka minane, alimwacha acheze. Ben alianza kuushika mchezo wa tenisi kwa dhati akiwa na umri wa miaka 12 hivi. Hakuzungushwa ulimwenguni katika mashindano ya vijana; alisoma shule ya kawaida, kisha akaingia chuo alichofundisha baba yake. Januari 2023 alipokwenda Australia ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka nje ya Marekani, naye akafika robo-fainali. Septemba mwaka huo huo alikuwa katika nusu-fainali ya mashindano makuu ya Marekani, akiwa na miaka 20. Ni mwaka huo pia ambapo baba aliacha kazi ya chuo ili amfundishe mwanawe.

Sasa tazama ya kwetu. Jumamosi asubuhi pita kwenye viwanja vya klabu zetu umwone mtoto wa miaka tisa akipiga mpira tangu saa moja, baba amesimama nyuma ya wavu akihesabu makosa. Jumapili ni hivyo hivyo. Likizo ya Aprili, Agosti na Desemba ni mashindano. Katikati ya wiki kuna kocha wa jioni, na kocha huyo hulipwa kwa saa, kwa hivyo usitarajie atakuambia kwamba saa zimezidi.

Watoto hawa huletwa kwa daktari wakiwa na bega linalouma, kiwiko kinachouma upande wa ndani, au mgongo unaochoma wanapojipinda nyuma kuanzisha mchezo. Nikimwuliza mzazi mtoto hupumzika lini, hunijibu kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni ya malezi, si ya mifupa.

Mfupa wa mtoto si mfupa mdogo wa mtu mzima. Karibu na ncha za mifupa mirefu kuna ukanda wa gegedu, na hapo ndipo mfupa hurefukia. Ukanda huo ni dhaifu kuliko mfupa wenyewe, na hata kuliko kano zilizo karibu nao. Hugeuka mfupa kamili mwishoni mwa ujana, wasichana wakiwatangulia wavulana kwa miaka miwili hivi. Mchezaji anapopiga mpira juu ya kichwa, nguvu yote hupitia begani na kwenye kiwiko. Pigo moja halidhuru. Mapigo mia kila siku, mwezi baada ya mwezi, huufanya ule ukanda uvimbe na kupanuka, na usipopumzishwa unaweza kuharibu ukuaji wa mkono. Mgongoni nako huweza kutokea ufa mwembamba katika pingili za chini za uti wa mgongo. Mtoto anayebadilisha michezo, leo mpira wa miguu, kesho kuogelea, huzipumzisha sehemu hizi bila kujua.

Najua nitakumbushwa Serena Williams na dada yake, walioanza wakiwa wadogo mno. Ni kweli, lakini watu husahau kwamba baba yao aliwaondoa kwenye mashindano ya watoto Serena akiwa na miaka kumi hivi. Mwingine ni Jennifer Capriati. Aliingia tenisi ya kulipwa mwaka wa 1990 kabla hajatimiza miaka 14, na alipofika 17 alikuwa amechoka hata akauacha uwanja. Alirudi baadaye na kuwa bingwa wa Australia mwaka wa 2001, lakini kilio chake na cha wenzake kilikuwa kimekwisha kuwafanya wakuu wa tenisi ya wanawake waweke masharti ya umri mwaka wa 1995.

Wala sisemi kwamba subira ni kinga ya kila kitu. Agosti 2025 Ben Shelton alijiondoa katika mechi ya mashindano ya Marekani, wakiwa seti mbili kwa mbili, kwa maumivu ya bega la kushoto, ndilo analopigia. Lakini alikuwa mtu mzima wa miaka 22, mfupa umekomaa, aliyelipwa kwa kazi hiyo na kuamua mwenyewe. Mtoto wa darasa la nne hakuamua.

Hofu nyingine ya wazazi ni kwamba mtoto asipofika mbali kabla ya miaka 18, nafasi imepotea. Angella Okutoyi wetu, aliyetwaa ubingwa wa Wimbledon wa wasichana wa wawili wawili mwaka wa 2022, alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, huko huko Alabama, mwaka uliofuata. Na katika vyuo hivyo, vijana wa miaka 18 hadi 22 hawaruhusiwi kufanya mazoezi ya lazima kupita saa 20 kwa wiki msimu wa mashindano, na siku moja ni ya kupumzika. Shelton alifundisha chini ya sheria hiyo zaidi ya miaka ishirini akatwaa mataji. Mtoto wako wa miaka tisa anafanya saa ngapi?

Kipimo ambacho madaktari wengi wa michezo hutumia ni rahisi: saa za mazoezi kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto. Apate angalau siku moja ya kupumzika kila wiki, na miezi miwili au mitatu kwa mwaka asiuguse mchezo huo, hata ikiwa ni mwezi mmoja mmoja. Tafadhali usimpe dawa ya kutuliza maumivu ili amalize mechi. Maumivu hayo ndiyo breki yake. Msichana ambaye hedhi yake imekatika kwa sababu ya mazoezi mengi na chakula kidogo aonwe na daktari, asipongezwe kwa wembamba.

Na maumivu yakimwamsha usiku, au akibadilisha namna ya kupiga mpira ili kuyakwepa, msimamishe siku hiyo hiyo na umlete. Eksirei ya kwanza mara nyingi haionyeshi ule ufa wa mgongoni. Ukiambiwa hakuna kitu na majuma mawili baadaye mtoto bado anaumwa, mrudishe.